Kuondoa rangi ndani ya mafuta na maji ya mimea: tunase nini, tuache nini?



Mahali pengi wanapokamua mafuta ya mawese, kutoka Fizi mpaka Beni, kutoka Maniema mpaka Kalemie, tunasikia lalamiko moja: "Mafuta yetu iko na rangi nzito, watu wa sabuni wanatupunguzia bei. Tufanye je?" Wengine wanajibu kwa moto: wanachemsha mafuta mpaka yanatoa moshi na rangi inapotea. Wengine wamesikia kwamba makala na udongo vinaweza "kula" rangi, basi wanamwaga unga wa makala ndani ya sufuria bila kipimo, kiisha wanashangaa kuona mafuta meusi yasiyochujika.

Ni kweli kwamba makala na udongo fulani vinaondoa rangi. Viwanda vya mafuta na vya sukari vinafanya hivyo kila siku. Lakini kuna neno moja ambalo mushirika anapaswa kulijua mbele ya kuanza: kitu chenye kunasa rangi hakijui kuchagua. Kinanasa kibaya, kinanasa na kizuri pia. Ndiyo maana, kabla ya kusaga makala, tujiulize: ndani ya mafuta haya ao maji haya ya majani, ni kitu gani hatutaki kupoteza? Jibu la swali hilo ndilo linaonyesha kama tuchuje tu, ao tunase rangi pia.

1. Kuchuja ni kazi moja, kunasa ni kazi nyingine

Wengi wanachanganya kazi hizi mbili. Tuziachanishe.

Kuchuja ni kuzuia uchafu juu ya ukubwa wake. Kitambaa kina matundu madogo. Nyuzi za ngazi, mchanga na vipande vya maganda ni vikubwa kuliko matundu, vinabaki juu. Mafuta yanapita. Lakini rangi inapita pamoja na mafuta, sababu rangi imeyeyuka ndani yake. Hata ukichuja mara kumi kwa kitambaa kizito, mafuta mekundu yatabaki mekundu. Yatakuwa masafi, lakini mekundu.

Kunasa ni jambo lingine. Fikirini mutego wa ulimbo. Ndege hazuiliwi na tundu. Anagusa kijiti, ananata. Vivyo hivyo chembe za rangi zinagusa uso wa makala ao wa udongo, zinanata hapo. Kiisha tunachuja, makala ao udongo unabaki juu ya kitambaa pamoja na rangi iliyonata. Na kama vile kijiti chenye kujaa ndege hakina tena nafasi, ndivyo makala yenye kujaa rangi hayanasi tena. Ndiyo sababu kipimo ni lazima, na ndiyo sababu udongo uliokwisha kutumika hauna nguvu ya mara ya pili.

Kwa hiyo utaratibu hauwezi kugeuzwa: kwanza tunachuja uchafu, kiisha tunakausha maji, kiisha tunanasa rangi, mwisho tunachuja tena. Ukimwaga udongo ndani ya mafuta yenye uchafu na maji, uchafu na maji vinachukua nafasi ya rangi. Umepoteza udongo bure.

2. Nguvu ya makala na udongo inatoka wapi?

Inatoka kwa uso. Kitu chenye kunasa kinahitaji uso mkubwa ndani ya uzito mdogo. Makala aktifu, yale yanayotengenezwa kiwandani, yana vijitundu vingi sana visivyoonekana kwa macho. Tukikunjua uso wote wa vijitundu hivyo, gramu moja tu inaweza kufikia mita za mraba 500, hata zaidi ya 1000. Kiwanda kinafikisha hapo kwa kupitisha mvuke wa maji ndani ya makala yenye moto mkali, kati ya digri 800 na 1000.

Makala yetu ya jikoni hayakupita njia hiyo. Yanaweza kunasa, lakini kwa nguvu ndogo sana, na nguvu hiyo inabadilika kufuatana na mti na namna ya kuchoma. Makala ya maganda magumu ya kokwa za ngazi ni mazuri kuliko ya mti mwepesi. Viwanda vingine vinatumia maganda hayo kutengeneza makala aktifu. Lakini bila ule mvuke na ule moto, tusiyaite makala aktifu, na tusimuuzie mtu kwa jina hilo.

Kazi hii si mpya. Mwaka wa 1785 mtaalamu Tobias Lowitz, aliyefanya kazi kule Urusi, aliona kwamba makala yanaondoa rangi ndani ya maji yenye uchafu wa rangi. Kiisha, mwanzoni mwa miaka ya 1800, viwanda vya sukari vya Ulaya vilianza kusafisha maji ya sukari kwa makala ya mifupa ya nyama.

Udongo nao una nguvu, lakini si kila udongo. Ule mweupe wa kaolini unanasa kidogo tu. Ule wenye nguvu ni wa jamii ya bentoniti: ukiloana unavimba na kuteleza, ukikauka unapasuka mipasuko mipana. Viwanda vinauongezea nguvu kwa asidi, kiisha vinauosha na kuukausha. Hatushauri hata kidogo mujaribu kuongeza nguvu hiyo kijijini. Na mtu asitumie maji ya batri ya gari: yana asidi yenye kuchoma ngozi na macho, tena yana risasi, ambayo ni sumu inayobaki.

Kwa rangi nyekundu ya mawese, udongo unafanya kazi vizuri kuliko makala. Viwanda vinatumia udongo kwanza, pengine vinaongeza makala aktifu kidogo, sehemu moja kwa kumi ya udongo ao chini ya hapo. Unga wa makala una taabu mbili ndani ya mafuta: unapita ndani ya kitambaa na kuacha weusi, tena unabaki na mafuta mengi. Kwa maji ya mimea, kama maji ya miwa, makala yanafaa zaidi.

3. Mifano mitatu: mahali pa kunasa na mahali pa kuacha

Mafuta ya mawese ya kula. Hapa tuchuje tu. Tusinase rangi. Ule wekundu unatoka kwa karotini, na mwili unageuza karotini kuwa vitamini A. Kilo moja ya mafuta mekundu ina karotini kama miligramu 500 mpaka 700. Ni vyakula vichache vya mimea vinavyofikia hapo. Mtoto anayekosa vitamini A anashindwa kuona vizuri jioni, na kama ukosefu unaendelea macho yanaweza kuharibika kabisa. Tena magonjwa kama surua yanamushika kwa nguvu zaidi. Sasa, ndani ya nyumba nyingi kijiko cha mawese ndani ya sombe ao maharagi ndiyo vitamini A ya siku ile. Mushirika anayeondoa rangi ya mafuta ya kula anamuondolea mtoto kitu ambacho atahitaji kukinunua mahali pengine kwa bei kali. Na yule anayechemsha mafuta mpaka moshi anaharibu karotini ile ile, tena anachoma kuni, tena mafuta yanaanza kuharibika.

Maji ya majani ya kufukuza wadudu. Washirika wengi wanatwanga majani ya Tephrosia, ule mumea ambao wazee walitumia kulevya samaki, ao mbegu za mwarobaini, wanaloweka ndani ya maji na kunyunyiza mashamba. Hapa pia tuchuje tu. Tuchuje vizuri, kwa kitambaa chenye kukunjwa mara mbili, sababu vipande vya majani vinaziba mdomo wa pompi. Lakini tusiweke makala hata kijiko kimoja. Makala yananasa ile dawa yenyewe. Maji yatatoka meupe na mazuri kwa macho, na viwavi vitaendelea kula mahindi. Maji hayo ni sumu kwa samaki: musioshe pompi mtoni ao ndani ya kidimbwi.

Mafuta ya mawese ya sabuni. Hapa ndipo kunasa kunafaa. Sabuni hailiwi, karotini ndani yake haimusaidii mtu, na wanunuzi wengi wanapenda sabuni yenye rangi nyepesi. Kwa mafuta haya, rangi ndiyo kitu tunachotaka kupoteza.

Basi ushauri wetu wa kwanza hauhitaji hata gramu moja ya udongo: tangu siku ya kukamua, gawanyeni mafuta kwa mafungu mawili. Mafuta ya matunda mapya, masafi, yaende kwa chakula na yabaki mekundu. Mafuta ya matunda yaliyochelewa yaende kwa sabuni. Andikeni juu ya kila bidoni kwa rangi isiyofutika.

Mutu anaweza kuuliza: na mafuta ya avoka, ambayo koperative zingine zinajaribu? Ule ukijani unatoka kwa rangi ya majani. Mwangaza ukiyapiga, rangi ile inasaidia mafuta kuharibika mbio. Lakini mbele ya kutafuta udongo, fanyeni jambo rahisi: wekeni mafuta ndani ya chupa nyeusi ao mahali pasipo mwangaza. Hilo linalinda mafuta bila kupoteza kitu.

4. Namna ya kuondoa rangi ndani ya mafuta ya sabuni

Vitu vya kutayarisha: sufuria ya chuma isiyo na kutu ao ya aluminiamu, yenye kubaki na theluthi moja wazi juu, temometa inayofika digri 150, mizani, mwiko mrefu, udongo mkavu wa unga, vitambaa viwili vizito vya pamba, ndoo ya mchanga karibu na moto. Musitumie sufuria ya shaba, sababu shaba inaharakisha kuharibika kwa mafuta.

Hatua ya kwanza: kutuliza na kuchuja. Pasheni mafuta moto mpaka digri 60 ao 70, kiisha yaacheni yatulie usiku mzima mahali pa joto. Maji na uchafu vinashuka chini. Asubuhi chukueni mafuta ya juu polepole, bila kutingisha. Pitisheni ndani ya kitambaa.

Hatua ya pili: kukausha. Pasheni polepole mpaka kupita kidogo digri 100. Mutasikia mafuta yanapasuka pasuka na kutoa povu: ni maji yanayotoka. Povu likiisha na sauti ikinyamaza, mafuta ni makavu. Moto mkali hapa ni hatari, sababu maji ya chini yanaweza kulipuka na kumwaga mafuta nje. Udongo nao ukaushwe mbele, juu ya bati lenye moto mdogo, kiisha uchekechwe.

Hatua ya tatu: kunasa. Punguzeni moto mpaka mafuta yafike kati ya digri 90 na 100. Nyunyizeni udongo uliopimwa, kidogo kidogo, huku mukikoroga. Endeleeni kukoroga polepole dakika 20 mpaka 30. Musipite hapo. Mafuta ya moto yakikaa sana ndani ya hewa yanaharibika, na rangi inaweza kurudi kuwa ya kahawia. Kiwandani wanafanya kazi hii bila hewa ndani ya chombo. Sisi hatuna chombo hicho, kwa hiyo tunalinda mafuta kwa kufanya mbio na kwa kukoroga bila kuyarusha.

Hatua ya nne: kuchuja tena. Toeni sufuria kwa moto. Acheni udongo utulie kidogo, kiisha chujeni mafuta yakiwa bado na moto, sababu mafuta ya baridi ni mazito na hayapiti. Lita za kwanza zitatoka na vumbi: zirudisheni juu ya kitambaa. Udongo ukishatandaa juu ya kitambaa, wenyewe unakuwa chujio, na mafuta yanayofuata yanatoka masafi.

Hatua ya tano: kuweka. Funikeni, acheni yapoe, mufunge ndani ya bidoni kavu, mbali na jua.

Musingojee mafuta meupe kama maji. Kwa udongo wa kijijini, kazi nzuri ni kutoka wekundu mpaka manjano. Kama mutu anawaahidi mafuta meupe kwa udongo wa mtoni, mwombeni aonyeshe kwanza kwa chupa moja.

5. Jaribu kidogo mbele ya kufanya kingi

Udongo wa kilima hiki si sawa na wa kilima kile. Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja cha kuandika hapa kwa wote. Viwanda, kwa udongo wao wenye nguvu, vinatumia kilo 0,5 mpaka 2 kwa kilo 100 za mafuta. Udongo wetu utahitaji zaidi. Jaribio hili litawaonyesha kiasi gani.

Chukueni mafuta kilo mbili, yaliyochujwa na kukaushwa, muyagawanye mara nne, kila fungu gramu 500. Fungu la kwanza: musiweke kitu. La pili: gramu 10 za udongo. La tatu: gramu 20. La nne: gramu 30. Hiyo ni 2, 4 na 6 kwa mia. Mafungu yote manne yapite kwa moto sawa na dakika sawa. Chujeni, mimineni ndani ya vyupa vinne vinavyofanana, muvipange mbele ya karatasi nyeupe, mchana.

Mutaona jambo la kufundisha: kutoka chupa ya kwanza mpaka ya pili rangi inabadilika sana, kutoka ya tatu mpaka ya nne inabadilika kidogo tu. Gramu za mwisho zinafanya kazi ndogo kuliko za kwanza, lakini zinanyonya mafuta sawasawa. Chagueni chupa ambayo mnunuzi anaikubali, si ile yenye rangi nyepesi kupita zote. Kama mnunuzi yuko karibu, mumuite achague mwenyewe, kiisha mubaki na chupa hiyo kama mufano wa mapatano.

Kuna namna nyingine ya kupata faida: kugawanya udongo mara mbili. Gramu 10, kuchuja, kiisha gramu 10 zingine mpya, kwa kawaida zinaondoa rangi kuliko gramu 20 kwa mara moja. Lakini ni kuni na kazi mara mbili. Hesabuni mbele ya kuamua.

6. Hesabu ya mukutano

Udongo uliotumika hauachi mafuta yote. Hata kiwandani, ambako wanakamua kwa mashini, udongo unabaki na mafuta kama 20 mpaka 40 kwa mia ya uzito wake. Sisi tunaokamua kwa mikono tunapoteza zaidi. Juu ya hesabu, tuweke nusu ya uzito wa udongo.

Tuseme muna lita 100 za mafuta, ni kusema bidoni tano. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 900 hivi, kwa hiyo ni kilo 90. Udongo wa 4 kwa mia ni kilo 3 na gramu 600. Mafuta yanayobaki ndani yake ni kilo 1 na gramu 800, kama lita 2. Munabaki na lita 98.

Sasa tuseme, kwa kurahisisha tu, kwamba lita ya mafuta mekundu ni faranga 2000. Lita 100 zingewapa 200 000. Tuseme kuni, udongo, vitambaa na kazi ni 15 000. Basi lita 98 zinapaswa kuwapa angalau 215 000, ndiyo kusema kama 2200 kwa lita. Kama mnunuzi anatoa 2100, munafanya kazi ya hasara na munachoma musitu bure. Kama anatoa 2500, kazi inalipa. Wekeni bei za soko lenu mahali pa bei hizi, na katibu aandike hesabu ndani ya kitabu mbele ya mtu yeyote kuwasha moto.

7. Hatari tatu

Moto wa mafuta. Mafuta yakiwaka ndani ya sufuria, musimwage maji hata kidogo. Maji yanageuka mvuke mara moja na kurusha mafuta yenye kuwaka juu ya watu. Zimeni kwa kifuniko ao kwa mchanga. Watoto wasikaribie, na mwenye kukoroga avae viatu vyenye kufunika miguu.

Udongo uliotumika. Udongo wenye mafuta ukirundikwa unaweza kupata joto wenyewe na kushika moto, hata saa nyingi baada ya kazi. Musiuweke ndani ya depo, wala ndani ya mufuko karibu na nyumba. Utandazeni nje, mwembamba, juu ya ardhi tupu. Ukishapoa uloanisheni kwa maji. Kiisha kidogo kidogo unaweza kuchanganywa ndani ya komposti. Vitambaa vyenye mafuta navyo vifuliwe siku ile ile.

Vumbi. Unga wa udongo na wa makala unaingia ndani ya mapafu. Funikeni pua na mdomo wakati wa kusaga na kuchekecha.

8. Kile ambacho makala na udongo haviwezi

Washirika wengi wanafikiri mafuta yenye rangi nyepesi ni mafuta mazuri. Si lazima. Rangi ni jambo moja, ubora ni jambo lingine.

Tunda la ngazi likikatwa na kuumizwa, ndani yake mna kitu kinachoanza kuvunja mafuta na kuzaa asidi. Kila siku matunda yanayokaa ndani ya rundo, asidi inapanda. Kwa biashara kubwa ya mafuta ghafi, kipimo cha kawaida ni asidi isiyopita 5 kwa mia. Udongo na makala haviondoi asidi hiyo. Mafuta ya matunda yaliyooza, hata ukiyageuza manjano, yatabaki na asidi na yatakwaruza koo. Ni kumudanganya mnunuzi kuyauza kama mafuta ya kula.

Tena kuna rangi ya kahawia inayotoka kwa mafuta yaliyounguzwa, kwa kutu ya pipa, ao kwa kuchelewa sana. Rangi hiyo imebadilika ndani ya mafuta yenyewe. Udongo unaiondoa kwa shida, pengine haiondoki. Wekundu mzuri wa tunda jipya unaondoka kwa urahisi kuliko ukahawia wa uzembe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya rangi inafanyika shambani na kwa mashini ya kukamulia: kukata mikungu iliyoiva, si mibichi wala iliyopita, kubeba bila kutupa, kuchemsha matunda siku ile ya kukata ao siku inayofuata, sababu moto unaua kile kinachozaa asidi, kuosha mashini na mapipa, kutoa maji ndani ya mafuta mbele ya kufunga bidoni. Koperative inayofanya haya mara nyingi inaona kwamba haihitaji tena udongo kwa sehemu kubwa ya mafuta yake.

9. Ya kufanya mbele ya mukutano unaokuja

Jaribio la watoto na wakubwa: chemsheni majani ya chai mupate maji ya kahawia, muyaache yapoe, muyagawanye ndani ya vyupa viwili. Chupa ya kwanza, chujeni kwa kitambaa tu. Ya pili, wekeni vijiko vitatu vya unga wa makala ya jikoni, mutingishe dakika kumi, mungoje saa moja, muchuje kwa kitambaa chenye pamba ndani. Linganisheni. Kama rangi ya chupa ya pili imepungua kidogo tu, mumejua nguvu ya makala yenu. Musinywe maji hayo.

Kiisha zungumzeni maswali haya:

– Kati ya mafuta tunayokamua, sehemu gani inaenda kwa chakula, na sehemu gani kwa sabuni? Tunaziachanisha wapi?
– Matunda yetu yanakaa siku ngapi kati ya kukata na kuchemsha? Ni nani anayeandika siku hizo?
– Mnunuzi wetu wa sabuni anaongeza bei gani kwa rangi nyepesi? Je, inapita hesabu ya sehemu ya 6?
– Nani kati yetu bado anachemsha mafuta ya kula mpaka moshi, na nani atakwenda kuzungumza naye kwa upole?

Wamama wanaopika na kuuza wawe wa kwanza kusema juu ya swali hili la mwisho. Wao ndio wanaojua mafuta gani yanafika ndani ya sahani ya mtoto.